Je, wajua kwa nini gari lililoegeshwa muda mrefu hukataa kuwaka?

Mtu anasafiri kwenda Pemba kwa wiki kadhaa, anarudi Tanga, anaingia kwenye gari lake aliloliacha uani Raskazoni, anazungusha swichi, na gari haliwaki. Siku aliyoliegesha lilikuwa zima kabisa. Halijagongwa, halijaingia maji, wala hakuna aliyeligusa. Chombo kisichofanya kazi kinachokaje?

Kinachoka kwa sababu gari likizimwa injini halizimiki lote. Alamu inaendelea kulinda milango, kipokezi cha rimoti kinasubiri ubonyeze, saa inahesabu, redio inatunza stesheni zako na kontroboksi, ile kompyuta ya injini, inatunza kumbukumbu zake. Vyote hivyo vinakula betri usiku na mchana. Kwa gari lisilo na hitilafu, ulaji huo huwa kati ya miliampia 20 na 50. Ni kidogo mno, taa ndogo ya ndani peke yake inakula zaidi ya hapo. Lakini hebu tupige hesabu. Miliampia 30 kwa saa 24 ni ampia-saa 0.72 kwa siku. Mwezi mmoja ni karibu ampia-saa 22. Betri nyingi za magari madogo ni za ampia-saa 45 hivi, kwa hiyo nusu ya betri imekwenda na gari halijasogea hata hatua.

Sasa linganisha na stata, ile mota inayozungusha injini mpaka ishike, ambayo wengi wetu tunaamini ndiyo mlaji mkubwa. Stata huvuta ampia 150 au zaidi, ni kweli, ila kwa sekunde mbili tatu tu. Ampia 150 kwa sekunde tatu ni ampia-saa 0.125. Maana yake ni kwamba gari likilala siku moja uani limekula umeme unaotosha kuliwasha mara tano au zaidi. Ndiyo maana teksi inayowashwa na kuzimwa kutwa nzima betri yake inadumu na chaji, na gari la mzee linalotoka Ijumaa kwa Ijumaa linasumbua.

Tanga inaongeza la kwake. Betri ya gari, yaani ya risasi na tindikali, hujimaliza yenyewe hata ukiichomoa ukaiweka kando, kwa sababu kemia ya ndani haisimami. Joto linaiharakisha: kwa kadiri, kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kasi ya kujimaliza inakaribia mara mbili. Watu wengi wamesikia kwamba baridi ndiyo adui wa betri. Baridi huifanya ishindwe kutoa nguvu asubuhi ile, lakini kinachoila maisha yake ni joto, na miezi ya kaskazi hapa mjini, Januari mpaka Machi, gari likisimama juani boneti yake haigusiki. Betri ikiachwa tupu katika hali hiyo, ile salfati ya risasi inayojitengeneza juu ya sahani zake wakati wa kutumika hugeuka kuwa fuwele ngumu. Fuwele hizo hazirudi kirahisi ukichaji. Hapo ndipo betri ya mwaka mmoja inapozeeka ghafla.

Kwa hiyo betri ndiyo mtuhumiwa wa kwanza, na mara nyingi ndiyo yenyewe. Lakini napenda mtu asikimbilie dukani. Katika mji wa pwani kuna kitu kingine kinachotoa dalili zilezile za betri iliyokufa, na kinatibiwa bila kununua chochote.

Fungua boneti uangalie vibano vya betri, pale waya mnene unapoikamata nguzo ya risasi. Kwenye gari lililokaa utakuta unga mweupe, au wa buluu iliyochanganyika na kijani, umeota kuzunguka shaba. Ni mvuke wa tindikali uliotoka kwenye betri ukala madini ya kibano. Upepo wetu wenye chumvi na unyevu huongeza kutu hapo na kule waya wa hasi unakofungwa kwenye bodi. Unga ule ni mwingi juu, lakini hatari zaidi ni utando mwembamba uliojificha katikati ya kibano na nguzo, usiouona mpaka ukifungua.

Utando huo unaweka ukinzani mdogo sana, tuseme omu 0.02. Redio na taa za ndani zikivuta ampia 5, unapoteza volti 0.1 tu, hutambui chochote. Stata ikidai ampia 150, ukinzani uleule unameza volti 3. Betri ya volti 12 inaifikia stata ikiwa na 9 au pungufu, na stata inanung'unika au inakaa kimya. Hapo ndipo lilipo jibu la swali linaloulizwa kila siku: "Mbona taa zinawaka, redio inaimba, ila gari halishiki?" Umeme mdogo unapita, umeme mkubwa haupiti.

Nilimwona fundi mmoja wa umeme wa magari Ngamiani akilionyesha jambo hili waziwazi. Mama mmoja alikuwa ameletewa gari lake kwa kuvutwa na kamba, na alikwisha ambiwa mtaani anunue betri mpya.

"Fundi, betri za siku hizi bei gani?"

"Subiri kwanza mama yangu. Hebu ingia ndani, nikikwambia piga, piga stata."

Akashika kipimo chake, ncha moja katikati ya nguzo yenyewe ya chanya, ncha ya pili juu ya kibano kilichoikamata nguzo hiyohiyo. Vitu viwili vinavyogusana. Kipimo kilitakiwa kisome sifuri au karibu na sifuri. "Piga!" Stata ikatoa mlio mmoja, na kipimo kikapanda kupita volti 4. "Umeona mama? Moto upo, njia ndiyo imeziba." Akalegeza nati, akakwangua nguzo na ndani ya kibano kwa msasa mpaka risasi ikang'aa, akakaza. Gari likawaka.

Kazi hiyo unaweza kuifanya nyumbani kwa spana namba 10, ila kwa mpangilio. Anza kufungua hasi, malizia chanya. Sababu ni kwamba bodi yote ya gari imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya spana ikagusa bodi, cheche zitaruka na spana inaweza kuyeyuka mkononi. Mimina juu ya ule unga maji ya moto yaliyokorogwa magadi, kidogo tu, yale ya kuivishia maharage yanatosha. Yatachemka povu, kwa kuwa magadi yanaiua tindikali. Suuza, kausha, piga msasa, kisha rudisha chanya kwanza na hasi mwisho. Paka grisi juu ya kibano kilichokwisha kazwa ili hewa ya bahari isipenye tena. Usivishike vitu hivyo halafu ukajipangusa macho.

Kabla ya yote hayo, lakini, sikiliza. Gari lisilowaka linajieleza kwa sauti, na sauti hizo hazifanani. Ukipiga stata ukasikia tak-tak-tak-tak ya haraka, betri haina nguvu au vibano vimechafuka: swichi ya stata inanasa, volti zinaanguka, inaachia, volti zinapanda, inanasa tena. Ukisikia "tak" moja nzito na kimya, stata yenyewe inaweza kuwa imekwama, au unganisho ni bovu. Washa taa kubwa halafu upige stata. Taa zikififia sana au zikizimika, tatizo ni betri au njia yake. Zikibaki zinang'aa vilevile na stata kimya, betri msiilaumu. Tafuteni rilei (ile swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), fyuzi, au gia. Kwenye gari la otomatiki, jaribu kusogeza gia kutoka P kwenda N, maana ile swichi inayolinda gari lisiwake likiwa ndani ya gia huingia kutu na kusahau ilipo. Na ikiwa kuna picha ya ufunguo au kufuli inayometameta kwenye dashibodi, gari halikutambui. Jaribu ufunguo wa akiba.

Halafu kuna gari ambalo stata inazunguka kwa nguvu zote na injini haishiki. Hapo betri ni nzima, tunakosa mafuta au cheche. Weka swichi kwenye ON bila kupiga stata, tega sikio upande wa siti ya nyuma. Magari mengi ya petroli yanayotumia nozeli, zile zinazopuliza mafuta kwenye injini, hutoa mvumo wa sekunde mbili hivi, ndiyo pampu ndani ya tanki inajaza mfumo presha. Kukiwa kimya, angalia fyuzi na rilei ya pampu kwanza. Pampu iliyokaa muda mrefu ndani ya petroli chakavu hunata. Petroli yenyewe nayo huchacha: zile sehemu nyepesi zinazoshika moto upesi huruka, na zinazobaki zikikutana na hewa hutengeneza utomvu unaoziba nozeli. Mwezi au miwili haina shida kwenye gari la nozeli, tanki lake limefungwa vizuri. Ikifika miezi sita na zaidi, anza kuihofia. Pikipiki za kabureta huumwa mapema zaidi kwa sababu bakuli lake la petroli ni dogo na linapumua. Ukifungua tanki ukasikia harufu inayoelekea vanishi badala ya ukali wa petroli mpya, usipige stata tena. Toa mafuta hayo kwanza.

Dizeli ina habari yake. Tanki lililobaki nusu lina nusu hewa, na hewa ya masika hapa imejaa maji. Usiku inapoa, maji yanatengeneza matone kwenye kuta za tanki na kuzama chini, kwa sababu ni mazito kuliko mafuta. Pale maji yanapokutana na dizeli huota vijidudu vinavyotengeneza ute mweusi, na ute huo ndio unaoziba filta. Anayeacha gari kwa muda ni heri alijaze tanki.

Na usimsahau panya. Anapenda boneti kwa sababu ni kavu na giza, na hutafuna mpira wa nyaya na kujenga makazi ndani ya boksi la filta ya hewa. Gari lililoegeshwa chini ya mwembe msimu wa maembe limemkaribisha. Mulika kwa tochi kabla hujapiga stata, si baada.

Ukiamua kushtua betri kwa gari jingine, mkao wa nyaya una maana. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya nzima. Nyeusi kwenye hasi ya nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Ncha ya mwisho ndiyo inayotoa cheche, na betri huweza kutoa haidrojeni inayolipuka. Kuna desturi gereji kadhaa ya kuchomoa kibano injini ikiwa inanguruma ili "kupima alteneta", yaani mashine inayoichaji betri injini ikizunguka. Ikataeni kabisa. Betri ndiyo inayotuliza volti za alteneta. Ukiiondoa zinaruka juu na kontroboksi inaungua, na hasara yake ni zaidi ya bei ya betri. Kusukuma kunafaa kwa gari la gia za kawaida tu, otomatiki nyingi haziwaki kwa kusukumwa.

Likishawaka, msiliache likinguruma dakika tano mkazima mkidhani limejaa. Injini ikiwa taratibu alteneta inatoa kidogo, na moshi wa injini ambayo haijapata joto unaacha maji ndani ya ekzosi na kwenye oili. Liendeshe mpaka Pongwe na kurudi. Bora zaidi ni chaja ya taratibu usiku kucha, ampia 4 au 5. Na ukijua utaondoka tena mwezi mzima, chomoa kibano cha hasi tu, utakuwa umewanyima mlo wale walaji wote wadogo.

Betri ikishachajiwa usiku kucha, iache itulie saa chache ndipo upime. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu. Ikisoma 10.5 na haipandi, hesabu yake ni rahisi: ndani mna vyumba sita vya volti 2.1 kila kimoja, na kimoja kimekufa. Hiyo sasa nunua mpya bila kusita, na ile mbovu mrudishie muuzaji kwa sababu risasi yake inayeyushwa na kutumika tena. Tindikali msiimwage uani, kuku wanadonoa pale na watoto wanacheza pale.