Kwa nini grupu la disikasheni la onlaini linakuwa kimya wakati watu wamejaa?

Grupu la kozi lina watu arobaini na kitu, mwalimu katupia swali asubuhi, mpaka usiku waliojibu wawili, waliobaki wameweka kidole gumba basi. Wengi watakwambia wanafunzi wavivu, mi nakataa kabisa.

Kwanza wingi wenyewe ndo tatizo. Mwaka 1913 Mfaransa Max Ringelmann alichapisha majaribio yake ya kuvuta kamba, akaonyesha wakivuta wanane kwa pamoja kila mtu anatoa karibu nusu tu ya nguvu anazotoa akivuta mwenyewe. Watu wakasema labda hawaendi sawa tu, sasa mwaka 1974 watafiti wengine wakawafunga watu vitambaa machoni, wakawaaminisha kuna wenzao wanavuta nyuma, kumbe hakuna anayevuta, na bado wakalegeza! Kwenye grupu ni hivyohivyo, kila mtu anajua fulani atajibu. Wagawe wanne wanne au watano, mmoja afungue mada, mmoja alete mfano wa kwao, mmoja apinge, mmoja akusanye hoja, hapo ukinyamaza pengo linaonekana.

Halafu huku kwetu kusini mwa Tanzania mmoja yuko Liwale, mwingine Newala, mwingine Kilwa Masoko, unawaitaje wote Zoom saa mbili usiku? Bando limeisha, umeme umekata, na Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu hata mwenye bando lake alikwama. Oktoba na Novemba ndo msimu wa korosho, mwanafunzi mtu mzima mwenye familia yuko shambani au anafuatilia mnada. Kikao cha laivu kinawaacha nje walewale kila siku. Acheni mjadala wazi siku tatu, kwa meseji na voisi fupi, dakika moja inatosha, ya dakika sita inakula bando na hakuna anayeisikiliza yote.

Swali nalo lina mchango wake tena mkubwa. Ukiuliza "eleza maana ya ushirika" wa kwanza akishajibu wengine waseme nini? Uliza hivi: stakabadhi ghalani ya korosho (mkulima anapeleka mzigo ghalani, anapewa risiti, analipwa baada ya mnada) ilianza huku msimu wa 2007/08, je mkulima mdogo wa Tandahimba mwenye shida ya hela leo afanyeje, asubiri mnada kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, au auze kangomba, yaani kwa mlanguzi kwa bei ya chini? Hapo hata mkimya ana la kusema maana mjomba wake yamemkuta.

Na kingereza jamani. Mtu ana hoja nzito ila anaogopa kuchekwa sarufi mbele ya mhadhiri, anafuta anachoandika. Waachieni wabishane kwa Kiswahili, ripoti ndo iandikwe kwa kingereza.

Mhadhiri naye asiwahi kutoa jibu, akishalitoa mjadala umekufa palepale. Angoje siku ya pili, akiingia aulize tu "nani anapingana na hoja ya huyu, na kwa nini?"