Mchanga wa vilindi vya maziwa ya kale: yanayosemwa, na jinsi mwamba unavyoonyesha

Haya ni madai manne kuhusu mchanga huo na mafuta yake, na kosa la kila moja.

"Kilindini mwa ziwa kuna tope tu." Si kweli. Mto uliojaa mashapo (mchanga na tope lililobebwa na maji) huwa mzito kuliko maji ya ziwa, ukapiga mbizi na kutambaa sakafuni hadi kilindini, ambako hutandaza mchanga kwa umbo la upepeo wa mkono uliokunjuliwa. Baharini, kwa sababu ya chumvi, huhitaji takriban kilo 36 hadi 43 za mashapo kwa kila mita ya ujazo ndipo uzame. Ziwani kiasi kidogo sana hutosha. Mafuta ya Sea Lion, kaskazini mwa visiwa vya Falkland, yamo katika mchanga wa aina hii.

"Mchanga wote wa kilindini ni turbidaiti." Kosa hili ndilo ghali zaidi. Turbidaiti, tabaka linaloachwa na mkondo wa maji yaliyovurugika kwa mchanga na tope, huanza na chembe kubwa chini, zikapungua kuelekea juu. Mwanajiolojia Arnold Bouma aliigawa mwaka 1962 katika sehemu tano: mchanga usio na mistari, mistari sambamba, viwimbi, vumbi laini, kisha tope. (Usitarajie kuzikuta zote tano, mara nyingi ni mbili au tatu.) Debraiti, tabaka linaloachwa na poromoko zito la tope na mchanga, haina mpangilio huo. Iliganda kwa mkupuo, vipande vya tope vikiwa vimeelea ndani ya mchanga, na juu hukatika ghafla. Tope lililochanganyika huziba njia kati ya chembe, hivyo matabaka mawili yenye unene sawa huweza kutofautiana mno kwa upenyezi, yaani urahisi wa mafuta kupita ndani yake.

"Tabaka nene halikosi kutoa mafuta." Mchanga wa Yanchang katika bonde la Ordos, China, umerundikana vizuri, lakini upenyezi wake mara nyingi haufiki milidarsi 1 (milidarsi ni kizio cha upenyezi): mchanga umeshindiliwa, na madini yamezigandisha chembe zake kama saruji. Saruji ya kalsiti, madini ya chokaa, hupenda kingo, pale mchanga unapogusana na tope. Anayepima vipande vya katikati ya tabaka pekee hupata majibu ya kufurahisha na ya uongo. Chukua na vya kingo.

"Gama ikisoma juu, hakuna mchanga." Gama ni kipimo cha mionzi ya asili ya mwamba kisimani, na kwa kawaida tope husoma juu kuliko mchanga. Lakini kipimo cha kawaida huchanganya usomaji wa takriban sentimita 60 za mwamba, kwa hiyo matabaka ya mchanga ya sentimita 5 yaliyopishana na tope husomeka kama tope. Hata mchanga safi ukiwa na madini ya feldispa ya potasiamu kwa wingi hupandisha gama. Linganisha na mwamba wenyewe uliotolewa kisimani kabla ya kuliacha eneo.