Je, wajua msaidizi wa sauti anajuaje "mshipa huu" ni upi?

Mwanafunzi wa utabibu aliyevaa miwani ya uhalisia pepe, yaani miwani inayomwonyesha mvaaji vitu vilivyoundwa na kompyuta, anaweza kusimama mbele ya moyo usiokuwapo chumbani, akasema "ondoa mshipa huu", na mshipa uleule aliokusudia ukatoweka. Sauti hutumika kwa sababu macho yake yamefunikwa, hivyo haoni kibodi, na mikono yake mara nyingi imeshika vifaa vya upasuaji wa mazoezi. Swali la kuvutia ni jingine: katika moyo wenye mishipa mingi, msaidizi wa sauti, yaani programu inayopokea amri hizo, imejuaje "huu" ni upi?

Wengi hudhani kwamba miwani hiyo ina kamera inayoutazama moyo na kuutambua kama sisi tunavyotambua sura ya mtu. Wengine hudhani kwamba kazi yote hufanywa na usikivu, yaani mashine ikishapata maneno sawasawa, maana hujileta yenyewe. Dhana zote mbili zinapotosha. Moyo ule umeundwa na programu yenyewe, nayo inajua jina na mahali pa kila kipande chake, kwa hiyo haihitaji kutambua chochote. Maneno nayo, hata yakisikika kikamilifu, hayatoshi, kwa kuwa "huu" haitaji mshipa wowote. Kinachokosekana ni mwelekeo wa mtazamo. Miwani yenye sensa za macho, yaani vitambuzi vinavyofuatilia jicho linatazama wapi, hupiga hesabu ya mstari ulionyooka kutoka kwenye jicho, na kitu cha kwanza kuguswa na mstari huo ndicho kinachohesabiwa kuwa kimetazamwa. Miwani isiyo na sensa hizo hutumia mwelekeo wa kichwa au wa mkono.

Ugumu halisi uko kwenye wakati. Mnunuzi katika soko la samaki la Mtwara husema "nipimie huyu" akimtazama changu, kisha macho yake yanarudi haraka kwenye pochi. Muuzaji anayeinua kichwa baadaye na kufuata macho yalipo sasa hatamwona changu. Anayepatia ni yule aliyekumbuka macho yalikuwa wapi neno lilipotoka. Programu hufanya vivyo hivyo: huhifadhi kumbukumbu ya mtazamo pamoja na saa yake, na neno linapokwisha kutambuliwa, hurudi nyuma kwenye kumbukumbu hiyo. Hata hivyo hairudi kwenye sekunde ileile ya neno tu, kwa sababu kwa kawaida jicho hutangulia kukitazama kitu kabla mdomo haujakitaja.

Wazo la kuunganisha sauti na kuelekeza si geni. Mwaka 1980 Richard Bolt wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, alionyesha mfumo ambamo mtu aliyeketi kitini alielekeza mkono kwenye ukuta wa picha na kuamuru kwa mdomo umbo lihamishwe.

Urahisi wa kuamuru, hata hivyo, si ushahidi kwamba mwanafunzi atapasua vizuri zaidi, na mambo hayo mawili yapimwe mbalimbali. Pia mfumo wa kutambua usemi hujifunza kutokana na sauti zilizorekodiwa. Mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla hukusanya sauti za Kiswahili, lakini programu itakayotumika Newala au Nachingwea inastahili kujaribiwa kwa sauti za watu waliokulia katika Kimakonde, Kimwera na Kiyao. Orodha fupi ya amri husaidia sana, kwa kuwa hupunguza makosa na inaweza kufanya kazi ndani ya kifaa bila intaneti.

Faida hiyo ya mwisho ni kubwa kuliko inavyoonekana. Pale ambapo mgonjwa ndiye anayevaa miwani, kwa mfano ili kutuliza maumivu, maneno yake juu ya mwili wake ni taarifa za afya, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inazihesabu kuwa nyeti. Sauti inayochakatwa ndani ya kifaa haihitaji kusafirishwa hadi kwenye kompyuta za nchi nyingine.