Vinyago vya Udongo vya Cucuteni-Trypillia: Dhana Potofu na Ukweli

Simulizi inayovuma zaidi kuhusu vinyago vya udongo vya Ulaya ya Mashariki ni kwamba wakulima wapole, waliomwabudu mungu mmoja wa kike, walivamiwa na wapanda farasi kutoka nyika, yaani nyanda za nyasi za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, na vinyago vyao vikatoweka pamoja nao. Aliyeieneza ni mwanaakiolojia Marija Gimbutas, ambaye utafiti wake kuhusu wafugaji wa nyika ungali na uzito mkubwa. Katika jambo hili, hata hivyo, ushahidi uliochimbuliwa ardhini haumuungi mkono.

Dhana ya kwanza ni kwamba kila kinyago ni mungu wa kike. Wafinyanzi wa utamaduni wa Cucuteni-Trypillia, yaani wa wakulima hao, uliostawi Romania, Moldova na Ukraine kuanzia karibu mwaka 4800 KK hadi 3000 KK, walifinyanga wanawake kwa wingi, lakini walifinyanga pia wanaume, ng'ombe na hata nyumba ndogo. Kule Poduri, Romania, vilipatikana vinyago 21 na viti vidogo 13 vikiwa vimewekwa pamoja ndani ya chungu, seti iliyotunzwa kwa makusudi. Vingine vingi hupatikana vimevunjika, vimechanganyika na mifupa na vigae jalalani. Kwa maoni yangu, kitu kilichotunzwa namna ile mahali fulani na kutupwa mahali pengine hakiwezi kupewa maelezo ya aina moja tu.

Dhana ya pili, ambayo ndiyo imepotosha zaidi, ni kwamba wakulima na watu wa nyika walikuwa dunia mbili zisizojuana hadi siku ya uvamizi. Shaba ya Balkani ilifika hadi makaburi ya watu wa nyika kule Khvalynsk, kando ya mto Volga, Urusi, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya wafugaji wa nyika wa utamaduni wa Yamnaya, ndio wanaodaiwa kuwa wavamizi, kuelekea magharibi. Ndani ya vijiji vya wakulima wenyewe, miongoni mwa vyombo vyao vyembamba vilivyopakwa rangi, kuna vyungu ambavyo udongo wake umechanganywa na maganda ya kome yaliyopondwa, kama ilivyokuwa desturi ya wafinyanzi wa nyika.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Usatove, karibu na Odesa, Ukraine. Huko, katika milenia ya nne KK, wakubwa walizikwa chini ya vilima vya udongo kwa desturi ya nyika, lakini waliwekewa vyombo vya rangi vya Trypillia. Vinyago navyo havikukoma, bali vilibadilika umbo: kitako kikawa cha mraba mfano wa kisanduku, mikono ikatoweka, na kichwa kikabaki kama shingo ndefu iliyoinama mbele. Huu ni ufinyanzi wa watu walioishi kati ya mila mbili na kuzichota zote.

Kuhusu jeshi la wapanda farasi, tarehe zenyewe zinakataa. Makazi makubwa ya wakulima hao kama Talianki, Ukraine, yenye zaidi ya hekta 300, yalihamwa karibu mwaka 3600 KK, karne kadhaa kabla ya Yamnaya kusambaa, na ukoo wa farasi wafugwao tunaowajua leo ulianza kuenea kwa kasi karibu mwaka 2200 KK. Nyumba zilizoungua, ambazo hutajwa kama alama ya vita, ziliteketezwa kwa namna ileile kizazi baada ya kizazi, na majaribio yaliyofanywa Nebelivka, Ukraine, yameonyesha kwamba nyumba ya miti na udongo haiungui kiasi cha kuta kuwa kama tofali bila kurundikiwa kuni nyingi, jambo linaloashiria kuchomwa kwa makusudi.

Haifai, kwa upande mwingine, kuwageuza wakulima hao kuwa malaika, kwa sababu mafuvu mengi ya pango la Verteba, Ukraine, yana majeraha ya kupigwa kichwani. DNA nayo inathibitisha ukaribu wa jamii hizi mbili: wakulima hao walitokana hasa na wakulima wa kale wa Anatolia, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwakuta wanawake waliozikwa Moldova, mwishoni mwa kipindi cha Trypillia, wakiwa na sehemu ya asili yao kutoka nyika.