Skuta za umeme na emergensi: tunavyodhani na inavyokuwa

Kwanza tuelewane, skuta ninayoiongelea sio pikipiki ya umeme wala vespa, ni kile kibao chenye usukani na vigurudumu viwili, unasimama juu unabonyeza kwa gumba unaondoka. Zile za kukodi kwa simu zilipamba moto Santa Monica, California, kuanzia Septemba 2017, na hospitali za huko hazikukawia kuona matokeo.

Dhana ambayo karibu kila mtu anayo ni eti hatari ni magari. Madaktari wa kule walipekua mafaili ya watu 249 walioletwa emergensi mbili ndani ya mwaka mmoja, 2017 mpaka 2018, wakakuta wapanda skuta wanane kati ya kumi wameanguka wenyewe! Waliogongwa na gari au kitu kingine kinachotembea hawakufika hata 9 kwa 100.

Sababu iko kwenye gurudumu. La bodaboda ni kubwa, shimo dogo linalipita tu, lakini la skuta nyingi ni inchi 8 au 10, likikutana na ufa wa lami au ukingo wa mfuniko wa chemba linazama linasimama hapohapo, sasa wewe hujasimama, uzito wote uko juu maana umesimama wima kama mlingoti, unarushwa mbele ya usukani, mikono inatangulia kujikinga, kiwiko au kifundo cha mkono kinapokea, mikono ikichelewa basi ni kidevu na meno ya mbele.

"Mwendo wenyewe mdogo, helmeti ya nini?" Haya, twende Austin, Texas, Septemba hadi Novemba 2018. Wapanda skuta 190 walioumia, karibu nusu wameumia kichwa, 15 kwa 100 wana dalili za ubongo kuumia, na waliokuwa wamevaa helmeti ni mmoja. Mmoja tu, sijakosea kuandika. Halafu ujue helmeti ya baiskeli inalinda fuvu, taya haiigusi, kwa hiyo usivae ukaanza mbwembwe.

Na hao wenye mbwembwe ndo tunaowalaumu siku zote, kumbe hapohapo Austin mmoja kati ya watatu aliumia safari yake ya kwanza kabisa, yani kapakua programu, kakodi, hajazoea breki, kaishia kwenye machela. Pombe nayo ipo, 29 kwa 100 walikuwa wamekunywa ndani ya saa 12 kabla ya ajali, na nadhani ndo maana miji kama Oslo, Norway, ikaamua mwaka 2021 kufunga skuta za kukodi usiku.

Kwamba anayeumia ni mpandaji peke yake, hapana. Kwenye wale 249 wa California, 21 hawakuwa juu ya skuta kabisa: 11 waligongwa nazo, watano walijikwaa kwenye skuta iliyoachwa njiani, na watano waliumia wakiinyanyua au kuibeba. Kuibeba tu jamani.

Kuna wanaosema Paris ilipiga marufuku skuta zote. Sio kweli, kura ya Aprili 2023 ilihusu za kukodi tu, ya kwako mwenyewe unaendesha. Na wale wanaoziita jeneza la magurudumu nao wapunguze, Austin ilikuwa majeruhi kama 20 kwa kila safari 100,000.

Dhana inayonikera kuliko zote ni hii ya "nimeinuka nikatembea, niko poa". Ukigonga kichwa halafu ukaanza kutapika, kichwa kikazidi kuuma, ukawa na usingizi usioeleweka au watu wakaona unaongea vitu visivyoeleweka, nenda hospitali saa hiyohiyo, na kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi nenda hata kama hujisikii chochote. Mkono nao una ujanja wake. Nyoosha gumba juu, utaona kishimo kidogo kwenye kifundo upande wa gumba. Ukikibonyeza kikauma baada ya kuangukia kiganja, chini yake kuna kimfupa ambacho ufa wake mara nyingine hauonekani kwenye eksrei ya siku ya kwanza, ndo maana daktari anakufunga mkono anakwambia urudi baada ya siku 10 hadi 14 upigwe tena, na wewe unadhani anatafuta hela.