Je, wajua kwa nini tunabanwa na mkataba ambao hatukuutia saini?

Hakuna aliyekujia siku ulipotimiza umri wa utu uzima akakukabidhi kalamu na kukuuliza kama unaikubali serikali. Ulizaliwa, ukazikuta sheria. Ukizivunja utakamatwa, na waliosomea falsafa ya siasa watakwambia kuna mkataba wa kijamii kati yako na dola. Mkataba gani huo, na uliandikwa lini?

Wazo hilo lilipata makali Uingereza, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1649 Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa, na mwaka 1651 mwanafalsafa Thomas Hobbes akachapisha kitabu chake, Leviathan. Mwanzoni mwa kitabu kuna picha ya jitu lenye taji, limechomoza nyuma ya vilima, mkono mmoja umeshika upanga na wa pili fimbo ya kiaskofu. Kikazie macho kifua chake. Unachodhani ni vazi la chuma ni watu, zaidi ya 300, wadogo wadogo, wamebanana, wametupa kisogo na kulielekea jitu. Kwa Hobbes, mtawala hana mwili mwingine zaidi ya huo.

Kwa nini watu wakubali kuwa nyama ya jitu? Kwa hofu. Hobbes anasema binadamu wako sawa kwa hili: hata aliye dhaifu kabisa anaweza kumuua mwenye nguvu, kwa hila au kwa kuungana na wenzake. Pasipo mamlaka, basi, hakuna wa kulala usingizi. Anayeona hayo yametiwa chumvi, Hobbes anamtaka ajitazame mwenyewe: akienda kulala hufunga milango, na humo humo ndani hufunga makasha yake. Anawadhania nini raia wenzake? Na hao watoto wake? Ndiyo maana watu huacha kila mmoja kujifanyia apendavyo, ili wapate amani. Hata hivyo Hobbes hakuviuza vyote. Anayekuja kukuua, hata akiwa na hukumu halali mkononi, bado una haki ya kumpinga.

John Locke, mwaka 1689, aliona bei hiyo ni kubwa mno. Kwake utawala ni amana, na mtawala akiivunja, wananchi wana haki ya kuichukua. Lakini swali la saini lilimkabili naye pia. Alijibu kwamba ridhaa yaweza kuwa ya kimya: ukimiliki ardhi katika nchi, ukipanga chumba wiki moja, hata ukipita tu barabarani bila kuzuiwa, umekwisha kukubali kuzitii sheria zake ungali humo.

Jibu hilo sijaweza kuliafiki, na sijaona aliyelivunja vizuri kuliko David Hume mwaka 1748. Mchukue mkulima maskini, anasema, asiyejua lugha wala desturi za ugenini, anayeishi kwa ujira mdogo wa kila siku. Je, kweli yuko huru kuihama nchi yake? Kusema kwamba kubaki kwake ni kukubali ni sawa na kusema kuwa mtu aliyepakiwa melini akiwa usingizini ameikubali amri ya nahodha, kwa kuwa tu hajitupi baharini akafa. Anayekaa kimya kwa sababu hana pa kwenda hajakubali kitu.

Baada ya hapo, kuutafuta mkataba katika historia ni kupoteza muda. Immanuel Kant, mwaka 1793, aliugeuza kuwa kipimo: mtunga sheria ajiulize kama watu wote wangeweza kuiridhia sheria yake. Sheria inayowapa watu wa tabaka fulani ukubwa wa kurithi, kwa mfano, haiwezi kupita hapo. Kant mwenyewe alikataa haki ya kuasi hata pale mtawala anaposhindwa kipimo hicho, na hapo mimi namwacha nirudi kwa Locke. Kipimo chenyewe, lakini, nakishika kwa mikono miwili, maana kinamtoa raia kizimbani na kumweka mtawala.

Ipo meli moja ambayo abiria wake, walowezi kutoka Uingereza, walitia saini kweli. Mwezi Novemba 1620 Mayflower ilitia nanga Cape Cod, Marekani, nje ya eneo ambalo hati yao iliwaruhusu kukaa, na baadhi yao wakaanza kusema kwamba huku hakuna mwenye mamlaka juu yao. Wakaandikiana mapatano ya kujitawala kwa pamoja. Abiria walikuwa 100 na kidogo. Waliosaini ni wanaume 41. Wanawake hawakusaini, na wenyeji wa nchi ile hawakuulizwa.

Siku chache baadaye, meli ikiwa bado nangani, alizaliwa humo mtoto, Peregrine White. Baba yake alikuwa miongoni mwa wale 41. Locke angekuja kuandika kwamba mtoto hazaliwi raia wa serikali yoyote, na kwamba baba hawezi kumfunga mwanawe kwa ahadi yake. Saini, basi, Peregrine hakuwa nayo. Alichoweza kukidai akikua ni maneno yaliyomo katika mapatano yale: kwamba sheria zitakazotungwa ziwe za haki na zilizo sawa.