Uchakavu Nao Una Kipimo Chake

Chukua rula, tupige hesabu kidogo kabla ya kushika brashi. Kwenye skeli (kipimo cha kupunguzia) ya 1/35, ambayo wajenzi wengi wa modeli za vifaru vya vita huitumia, milimita 1 ya modeli ni sentimita 3.5 za kifaru chenyewe. Kwenye 1/72, skeli ya miaka mingi ya ndege, milimita hiyo hiyo inakuwa sentimita 7.2. Sasa tazama michubuko ya rangi unayoichora kwenye ukingo wa bawa. Chubuko la milimita 2 ni jeraha la zaidi ya sentimita 14. Ndege iliyojaa majeraha ya ukubwa huo huonekana imetelekezwa uwanjani, wala haifanani na ndege inayoruka kila siku.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi tunaojenga modeli ni watu wa vipimo. Tunagombana juu ya urefu wa mtutu na idadi ya ribiti (misumari ya kuungia mabati), kisha tukifika kwenye uchafu na kutu tunaitupa rula mbali. Modeli nyingi zilizounganishwa kwa ustadi huharibikia hapo.

Kuunganisha sitakuchosha nako. Gundi ya plastiki huyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja, kwa hiyo weka kidogo. Mishono ipige msasa namba 400, kisha 600 na 1000, halafu puliza praima, yaani rangi ya msingi, ya kijivu, ambayo itakufichulia kila ufa ulioupita bila kuuona. Vipande vya rezini visugue vikiwa na maji na uvae barakoa, maana vumbi lake si la kuvuta.

Rangi ndiyo mwanzo wa hesabu ya pili. Tabaka nene huzika ribiti na mistari ya paneli, yaani maungio ya mabati. Zimua rangi mpaka iwe nyepesi kama maziwa, weka kompresa ya hewa kati ya psi 15 na 20 (psi ni kipimo cha mgandamizo), kisha puliza matabaka membamba, ukiacha kila moja likauke. Rangi yenyewe, hata kama kopo limeandikwa jina sahihi kabisa, iongezee weupe kidogo. Kitu kikubwa kikitazamwa kwa mbali hufifia kwa sababu ya hewa iliyo kati yake na jicho, na modeli iliyo mezani tunaitazama kana kwamba tuko mbali nayo. Wapo wanaosema hii ni ushirikina mtupu. Mimi nashikilia angalau hili: nyeusi tupu na nyeupe tupu hazina kazi kwenye modeli ndogo. Matairi yapake kijivu cha kukolea.

Kabla ya kuchubua chochote, jiulize kilichokuwa chini ya rangi ni nini. Alumini haishiki kutu ya kahawia, kwa hiyo michirizi ya kutu kwenye mwili wa Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, ni kichekesho. Kule rangi ikitoka hubaki fedha iliyopoa, au rangi ya praima. Halafu si kila sehemu ya ndege ni alumini. Usukani wa mkiani wa Spitfire ulivikwa kitambaa, na hata sehemu ya nyuma ya mwili wa mwenzake, Hurricane, ilikuwa kitambaa. De Havilland Mosquito ilijengwa hasa kwa mbao. Nimeona Mosquito nzuri mno, imepakwa kwa subira, halafu mabawa yote yamenyunyiziwa michubuko ya fedha. Chuma hicho kilitoka wapi?

P-51 Mustang, ndege ya kivita ya Marekani, ina mtego wake. Kuanzia mapema 1944 ndege nyingi za Marekani ziliacha kupakwa rangi ya kuficha, kwa hiyo mtu huifanya yote iwe metali inayong'aa. Lakini mabawa ya Mustang yalijazwa puti kiwandani, yakasuguliwa na kupakwa rangi ya fedha ili hewa ipite juu yake bila kukwaruzwa. Mwili uwe metali. Mabawa yawe rangi, na mistari mingi ya paneli hapo juu izibwe badala ya kutiliwa mkazo.

Jambo la pili la kujiuliza ni muda. Kutu nzito inataka miezi, na vifaru vingi vya vita havikuishi hivyo. Bomba la moshi hubadilika mapema kwa sababu ya joto, na chuma kilichochubuka huanza na utando mwembamba wa rangi ya machungwa. Minyororo hung'aa pale tu inapogusana na ardhi ngumu na magurudumu. Kumbuka pia kwamba baadhi ya minyororo ya Sherman, kifaru cha Marekani, ilikuwa na pedi za mpira, na mpira hausuguliwi ukawa fedha.

Historia yenyewe mara nyingi inakuruhusu kutokuwa nadhifu. Kuanzia Februari 1943 magari ya Kijerumani yalipewa msingi wa manjano iliyokolea, na wafanyakazi wake wakaongeza kijani na kahawia kutoka kwenye rangi nzito waliyoizimua kwa maji au petroli. Kwa hiyo magari mawili ya kikosi kimoja yangeweza kutofautiana kabisa. Ile milia myeusi na myeupe ya ndege za Washirika (Uingereza, Marekani na wenzao) kabla ya uvamizi wa Normandy wa 6 Juni 1944 nayo ilipakwa haraka, mara nyingi kwa brashi. Kuibandikia utepe ili kingo zinyooke kama wembe ni kuipa unadhifu ambao haikuwa nao.

Kwa michubuko ya vifaru napenda spreya ya nywele. Puliza rangi ya kutu au praima, ikauke, puliza spreya tabaka mbili nyepesi, kisha akriliki ya juu. Lowesha sehemu ndogo kwa maji, usugue na brashi fupi ngumu. Spreya iliyo chini huyeyuka, na rangi hubanduka kwa mapande yasiyo na mpangilio, ambayo mkono hauwezi kuyachora. Usiiache siku nyingi, maana akriliki ikikomaa hugoma kutoka. Sugua pale watu wanapokanyaga: milango ya juu, kona za vikinga-matope. Kwenye Spitfire ni upande wa kushoto wa bawa karibu na mwili, kwa sababu rubani alipandia hapo.

Stika za maji zinahitaji vanishi ya kung'aa chini yake, la sivyo hewa hunaswa na ukingo unang'aa kama fedha. Baada yake, rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tina ipitishe kwenye mistari, si juu ya uso wote. Mstari wa milimita 0.2 kwenye 1/72 tayari ni ufa wa sentimita 1.4, ukiutia weusi wa makaa utaonekana kama mtaro. Kijivu cha kahawia kinatosha. Mafuta yaliyovuja na moshi viende kule hewa inakoelekea, yaani nyuma.

Vumbi liwe la mwisho, baada ya vanishi isiyong'aa, likianzia chini. Kisha chukua penseli laini ya grafiti, upitishe kwenye kingo kali chache za chuma, uache.